Sheni ya Mama Mukwe

Nchelenge, siku ya pili, Januari

Bon, nimeshinda kwa bei, lakini roho haitulii.

Ziwa imefungwa mpaka mwezi wa tatu, na biashara yangu ya samaki imelala. Abonema ya televisheni, malipo ya kila mwezi, ile haina kufungwa. Njo maana leo nikaenda kwa ajenti pale sokoni. Nikamwambia, "Mukwai, serikali inafunga ziwa ili samaki bazale. Na weye funga kidogo bei, mifuko yetu nayo izale."

Akacheka sana. "Mayo, nitakushusha mu buke ya bei ndogo, furushi ya sheni chache. Utalipa nusu."

Nikakubali mbio mbio. Sikuuliza ni sheni gani za televisheni zinatoka. Nilifikiri ni mpira tu na filme, vitu tunaweza kuishi bila.

Jioni mama mukwe akakaa mu kiti yake. Yeye anaangaliaka paka tu habari za Kongo. Maneno hasikilizi. Anatafuta sura ya Ilunga, mutoto wake, ule tulipotezana naye siku tulikimbia vita. Kamera ikipita juu ya batu, anasogea karibu na kioo.

Leo ile sheni ilikuwa nyeusi.

"Umeme umekatika kule Kongo," akasema. "Tungoje."

Nilipaswa kumwambia ukweli. Nikamuletea chai.

Nirudi kesho kwa ajenti? Na nitalipa na nini?

Amekwenda kulala sasa. Ameniomba nisizime televisheni: umeme ukirudi kule, Ilunga asipite pa kioo wakati shiye tumelala.