Bomba la Chini

Jumatatu, 10 Februari

Nimefungua boneti kabla ya kula, kama kila siku. Vumbi limeingia tena. Boksi la ea klina, lile la chujio la hewa, lina ufa upande wa nyuma, mrefu kama kidole. Gundi niliyoweka mwezi uliopita imeachia. Barabara ya Mikumi ni vumbi jekundu, na injini inalivuta kama mgonjwa wa pumu.

Gari lenyewe sina ugomvi nalo. Dogo, milango miwili, la mbio. Nililinunua kwa mhandisi wa reli mpya alipomaliza mkataba wake. Hapa Magomeni ya Kilosa wanashangaa karani wa masjala amepata wapi ubavu wa kuendesha gari la vijana. Mimi naogopa hata kulipiga honi.

Lakini Tumaini, mdogo wangu, atajifungua mwanzoni mwa Aprili. Ameolewa Ruaha, ndani kabisa kwenye miwa. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kando ya njia akafa, wakisubiri gari waliloahidiwa. Safari hii aliyeahidi ni mimi. Injini isife.

Jumatano, 12 Februari

Boksi kama la kwangu halipatikani popote. Sudi, fundi wa Mikumi anayeyajua magari haya, amenitumia picha tatu za mbadala. Nichague.

Kazini hatununui hata wino wa printa bila nukuu tatu na jedwali la kulinganisha. Kwa hiyo nimechora jedwali. Joto la hewa, nguvu mlimani, kelele, urahisi wa kusafisha chujio, muda wa kusubiri.

Boksi la kufungwa pande zote: zuri, lakini la kuagiza, pengine lifike Mei. Halifai. Bomba fupi: chujio linakaa juu, chini ya boneti, linavuta joto la injini. Bomba refu: linateremka mbele ya tairi la kushoto mpaka nyuma ya bampa, linavuta hewa baridi ya nje.

Bomba refu limeshinda. Nimejumlisha mara tatu.

Jumamosi, 15 Februari

Mikumi. Limefungwa. Sudi alifanya kazi huku akiongea. "Dada, injini ni kama mtu wa Kilosa mwezi wa pili. Mpe ubaridi uone atakavyochapa kazi."

Kweli. Mlimani halikuchoka. Lina mngurumo mpya, wa kifuani. Niandike ukweli: nilikanyaga mafuta mara mbili bila sababu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza kubwa. Karibu na soko tairi la kushoto liliingia kwenye dimbwi. Mngurumo ukabadilika. Sekunde moja tu, sauti ya mtu anayemalizia soda kwa mrija. Kisha ukarudi.

Nilisimama. Nikalala kifudifudi kwenye tope na gauni la kazini, mkononi rula ya ofisi. Kutoka chini mpaka kwenye chujio ni sentimita ishirini na mbili. Haikufika hata mwisho wa rula.

Nilichora jedwali kwenye jua. Maji hayamo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesoma. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Injini ikiyavuta, konrodi, vyuma vya kushikia pistoni, zinapinda na gari linazima palepale.

Nimempigia Sudi. Amefunga Ramadhani, sauti imemkauka, lakini kunicheka hakukumshinda. "Karani, kwani nilikuuzia mtumbwi?" Baadaye akatuliza sauti na kunieleza. Naandika nisisahau:

Bomba ni vipande viwili. Cha chini kinatoka. Ingia chini, legeza klempu, ile pete ya kukazia chujio, vuta chujio. Juu, nati ya spana kumi, halafu klempu ya kiungo. Vuta kipande cha chini. Chujio livike kwenye kipande cha juu, kaza. Gari litavuta joto na nguvu itapungua, lakini halitakunywa maji.

Aliniambia naweza mwenyewe. Siwezi. Masjala nimefundishwa: jalada ambalo si lako usiliguse. Nikikaza vibaya je? Atanifanyia yeye nikipita Mikumi kwenda Ruaha.

Jumanne, 18 Machi

Mvua siku tatu. Kila ikikatika natoka na rula kupima madimbwi ya uani. Mama mwenye nyumba ameuliza kama serikali inaleta mradi.

Likizo imekubaliwa. Naondoka Jumamosi.

Jumamosi, 22 Machi

Sudi hayupo. Gereji imefungwa, amekwenda msibani, harudi mpaka wiki ijayo. Nilisimama mbele ya mlango wake robo saa, spana kumi mfukoni. Nikafungua boneti. Nikaifunga.

Kulikuwa na jua. Nikajiambia kuna jua.

Kwa Tumaini njia ni moja tu. Kutoka lami unapita kivuko cha saruji juu ya mfereji wa mashamba, kisha miwa mpaka nyumbani. Kivuko kilikuwa kikavu.

Tumaini alikaa kwenye kiti cha mbele gari likiwa limesimama, akashika tumbo, akafunga macho. "Safari hii gari liko mlangoni," akasema.

Sikumwambia.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua usiku kucha. Nimekwenda kivukoni alfajiri. Sentimita nne.

Jumanne, 25 Machi

Kumi na moja. Yona, mume wa Tumaini, anasema maji ya pale hupanda na kushuka, nisiwe na hofu. Yeye anaendesha trekta. Bomba la trekta linatazama mbinguni.

Leo ningeweza kulifungua bomba langu. Nimekaa nalo jua zima, daftari hili mapajani. Sikuligusa. Mimi ni mwoga, na woga wangu nauita uangalifu.

Jumatano, 26 Machi

Naandika hospitalini Mikumi, saa tisa mchana. Niandike kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi Tumaini alishikwa na uchungu. Yona yuko zamu, simu yake haipatikani. Nikamweka garini.

Kivukoni maji yalikuwa ya kahawia, yanakwenda kasi. Mzee mmoja, kibarua wa palizi, amesimama na baiskeli upande wetu. Nikasema shikamoo baba. Akasema marahaba, binti, na kigari hiki mnakwenda wapi. Nikamwonyesha Tumaini.

Mzee alikunja suruali, akavuka mpaka ng'ambo, akarudi. Maji yalimwishia katikati ya muundi. Nikapiga magoti nikamwekea rula mguuni. Ishirini na nane.

Tumaini akatoa kichwa dirishani. "Dada, mimi nazaa, wewe unampima mzee wa watu suruali."

Ishirini na nane kwa ishirini na mbili. Kurudi nyumbani ni kuzalia kwenye miwa. Kupita ni kuzima katikati ya mfereji. Nikafungua daftari hili ukurasa wa tarehe saba, nikaliegemeza kwenye kioo, nikaingia chini ya gari.

Klempu ya chujio ilikuwa na kutu. Niliisukuma na bisibisi, ikakatika, ikaanguka kwenye maji. Chujio likatoka. Nati ya kumi ikatoka. Kiungo kikatoka. Kipande cha chini nikakitupa kiti cha nyuma. Nikavika chujio juu, likacheza. Hakuna cha kulikazia, klempu ya kiungo ni ndogo mno.

Nililia hapo. Si kwa sauti.

Mzee alitazama, akaenda kwenye baiskeli yake, akafungua mpira wa kufungia mizigo, ule wa tyubu, akanipa. Nikauzungusha mara tano, nikaufunga fundo. Tumaini alishapata uchungu mara nne tangu nilipofungua boneti. Ya nne hakunitania.

Gia ya kwanza, polepole, bila kusimama. Mzee alitangulia ndani ya maji na mimi nikafuata mgongo wake. Maji yalipiga mlango. Nilisikiliza ile sauti ya mrija. Haikuja.

Ng'ambo akasogea kando akatupungia mkono. Sikumuuliza hata jina.

Mtoto amezaliwa saa sita kasoro. Msichana. Nilimsikia kupitia ukuta.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemwambia Tumaini yote. Jedwali, dimbwi la sokoni, gereji, na juzi ile ya jua nilipokaa bila kuligusa. Kwamba nilijua wiki tatu nzima.

Alimgeuza mtoto titi la pili. "Nilijua kuna kitu," akasema. "Nani anakwenda likizo na rula?"

Hakusema amenisamehe. Akanipa mtoto nimshike.

Jumapili, 6 Aprili

Kilosa. Nimetoka ibadani, nimepika, nimefua.

Jana Sudi aliniona Mikumi, akafungua boneti, akatazama fundo langu. Nilingoja anicheke. Akaliminya kwa vidole, akasema ataniwekea klempu. Klempu nimekubali. Mpira nimemwomba anirudishie. Nitamtumia Yona aupeleke kwa yule mzee, anamfahamu. Bomba la chini Sudi anataka kulirudisha masika ikiisha. Nimemwambia libaki kwake.

Jedwali bado lilikuwa ndani ya daftari. Nimeongeza safu ya maji, nikajaza alama upya. Sikujumlisha.

Mvua imeanza saa kumi na moja. Inapiga bati, na uani maji yanajaa. Rula iko ofisini tangu Ijumaa.