Muuaji Nisiyemjua

Jumatatu, 5 Oktoba 1953

Itangazwe kote: saa nne na dakika kumi asubuhi ya leo, mimi Anselme Poncelin, muuza kofia, Mwenyekiti wa Chama cha Wapenzi wa Riwaya ya Kinu (wanachama saba, mmoja marehemu), nimeteuliwa Mshauri wa filamu ya riwaya hiyo! Wanaipiga picha hapa hapa mjini, kwenye kinu cha maji ambamo mjane wa kitabuni aliuawa. Nimepewa kiti. Mguu mmoja mfupi — lakini ni kiti.

Mwongozaji, Bwana Thévenard, akauliza nimekisoma mara ngapi. Arobaini, nikasema. Mke wangu Honorine akakohoa.

Jumanne, 6 Oktoba

Tatizo dogo. Simjui muuaji.

Miaka ishirini naongoza chama! Mtu akitaja mwisho wa kitabu mkutanoni, nainua kidole: "Tusiwaharibie wageni utamu." Hatujawahi kupata mgeni.

Kuuliza sasa? Afadhali nife. Nitapeleleza mwenyewe. Washukiwa wa kitabuni: daktari, padri, tarishi wa posta. Nitawachunguza waigizaji wao.

Jumatano, 7 Oktoba

Daktari huletewa kahawa kwanza. Padri ana viatu vipya. Lakini tarishi — Bwana Loubet, mwembamba kama mwiko — anakula konokono wake peke yake, hasemi na mtu. Macho ya muuaji kabisa! Nikamkonyeza. Akahamisha sahani.

Nikamshauri: ukimpa mjane barua, mkono utetemeke, dhamiri inakusuta. Akatetemeka mpaka barua ikaangukia mtoni.

"Loubet! Una homa?" akafoka Thévenard.

"Mwenyekiti kasema!"

Thévenard akanitazama, akakuna kichwa. "Haya. Mtu aliyesoma mara arobaini ana lake." Wakarudia. Mara tisa.

Alhamisi, 8 Oktoba

Mireille, mtunza vifaa wao, kaja dukani. Kesho mwigizaji wa mpelelezi atafungua ukurasa wa mwisho wa kitabu mbele ya kamera. Wanataka nakala yangu, toleo la kwanza. Nikasema imeliwa na nondo.

"Nondo gani?" — Honorine huyo, nyuma ya kofia. "Kipo kabatini, kizima kama yai."

Asante, mke wangu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimejifungia katika chumba cha mavazi ya waigizaji. Naandika kweli tupu.

Mpelelezi alijaribu kukifungua kitabu mwishoni. Hakikufunguka. Vitabu vyetu vya zamani huuzwa kurasa zikiwa zimeshikana ukingoni, na msomaji huzipasua kwa kisu kadiri anavyosoma. Changu kimepasuliwa hadi ukurasa wa 212. Basi.

"Kumbe mara arobaini za nusu kitabu!" akasema Loubet. Kinu kizima kikaangua kicheko.

Nikawaambia. Nilikuwa na miaka minane. Baba alinisomea sura moja kila baada ya chakula, kisu akishika yeye. Agosti 1914 akaitwa vitani. Akakiacha kisu hapo hapo, 212: "Usinitangulie, Anselme. Tutamaliza nikirudi."

Hakurudi. Sikumtangulia.

Thévenard akavua kofia (nilimuuzia mimi, inambana). "Zipasue wewe, Mwenyekiti. Tutapiga picha mikono yako tu."

Nikakimbilia huku. Kitabu mapajani, kisu mkononi. Honorine yuko nje, hagongi. Anasema polepole: "Umeshampita baba yako umri, mzee wangu. Nifungulie. Nitakaa nawe."

Nyuma yake, Loubet: "Mwenyekiti, kama ni muuaji tu, nikwambie mimi?"

"Thubutu!" — mimi na Honorine, kwa pamoja.

Nimemfungulia. Ncha ya kisu imeshaingia chini ya 213.