Kompyuta ya Baba Haiwaki

Jumatano. Mawingu yameikalia Tabora tangu asubuhi, mvua hainyeshi wala haiondoki. Nami niko hivyo hivyo.

Nimekuja nyumbani kutoka Goweko, ninakofundisha, kwa ajili ya kuwarehemu wazee. Keshokutwa Ijumaa, kabla Ramadhani haijaingia, ukoo mzima utakusanyika hapa kwetu kuwasomea marehemu wetu na kuwataja mmoja mmoja. Kutaja ilikuwa kazi ya baba. Alikuwa nao wote kichwani, kuanzia babu wa babu yake aliyekuja huku na misafara ya pembe, akaoa Mnyamwezi, asirudi tena kwao. Kuandika alikataa katakata. Ugonjwa ulipomzidi alijifungia chumbani, akajirekodi kwenye kompyuta yake ya mezani, akasema tutamsikiliza siku ya kuwarehemu wazee, akishaondoka.

Huu ndio mwaka wa kwanza bila yeye.

Leo asubuhi nimeibonyeza kuijaribu. Kimya.

Jana radi ilipiga, umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo. Nilianza na soketi: nikachomeka pasi, ikapata moto. Nikachukua waya wa lile sufuria la umeme la wali, maana unaingia kotekote. Kimya. Nikafungua ubavu, nikachomoa RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, nikaisugua kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Wapi. Mwisho nikakitoa kile kisanduku kinachopokea umeme, pawa saplai, nikaunganisha waya wake wa kijani na mweusi kukijaribu peke yake, kama nilivyowahi kuwaona mafundi wakifanya. Feni yake haikugeuka hata kidogo. Basi hicho kimekufa.

Ndani yake vumbi lilikuwa limeshikana kama sufi ya mto, na humo nyuzi za kanga.

Nikaelewa. Tangu msiba, mama hakuizima kompyuta ile. Aliogopa akiizima sauti ya baba itaondoka nayo. Umeme ukikatika, ukirudi tu yeye ndiye wa kwanza kuibonyeza. Na kwa kuwa vumbi la kiangazi hapa kwetu halina adabu, aliifunika kanga gubigubi, huku inawaka mchana na usiku. Kila asubuhi aliifunua, akafuta kioo, akaifunika tena. Aliiuguza kama alivyomuuguza baba mwenyewe, mpaka ikakosa pumzi.

Mama alikuwa amekaa mkekani, ananitazama.

"Mwanangu, ni mimi?"

"Hapana, mama. Ni radi."

Sijui kama nimedanganya au nimedanganya nusu. Nina hasira na sina wa kumkasirikia, na hilo ndilo linanichosha zaidi.

Nimempigia fundi wa mjini. Anasema diski yenye sauti huenda iko salama, huenda umeme umepita nayo. Hawezi kujua mpaka aifunge kwenye mashine nyingine. Kesho nampelekea. Naogopa. Majina mengine hakuna aliyebaki anayeyajua. Tena niseme ukweli, mimi nilichokuwa nakisubiri hasa ni ile sauti. Nilitaka nimsikie akikohoa kidogo kabla ya kuanza, kama alivyozoea.

Alasiri nilimwomba mama tuwaandike anaowakumbuka, endapo diski itashindikana. Nikashika simu niandike humo.

"Tuanze na yule babu wa misafara," nikasema.

Mama akatikisa kichwa.

"Anza na baba yako. Huko ndani yeye hayumo."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Baba alijirekodi akiwa hai, akawataja waliokufa. Hata ingewaka leo, yeye tusingemsikia akitajwa.

Nikaandika "marehemu", kisha nikaandika jina lake. Mama akainuka, akachukua kanga yake, akaifunika kompyuta.

Sikumkataza.