Udongo Hauoshwi, Yaya

Yaya Mariamu, dada yangu,

Kwanza ujue mdogo wako iko na bahati kuliko motari wote wa Kasongo mpaka Wamaza. Wale watu wa laboratwari walipofika na mabidoni yao matupu ya kuchotea, wakitafuta mutu wa kuwaonyesha kombe wa mtoni, pale parkingi tulijaa motari na pikipiki zetu. Kidole kikanyooka kwangu. Hata mkono sikuinua.

Kazi yenyewe nikueleze. Kombe hahami. Anakaa pale pale na magamba yake mawili, anavuta maji mchana na usiku, na kinachopita mtoni kinamwachia kitu mwilini. Matope anayokalia nayo yanakiweka. Basi ukitaka kujua kama merkiri, ile zebaki ya kukamatia dhahabu, inashuka kutoka machimbo, mchimbaji hakwambii. Unamuuliza kombe, unayauliza matope. Mimi nilielewa mara moja, na shule yangu unajua iliishia wapi.

Sasa cheka. Mara ya kwanza walinituma peke yangu kuleta matope. Mutu aliyechimba dhahabu Salamabila miaka mitatu, mkono wake ukiona matope ndani ya karai unafanya nini? Nikayaosha. Nikazungusha karai kwa ufundi, nikamwaga tope laini lote, nikawapelekea mchanga unaong'aa, mchanga wa kujengea nyumba ya gavana. Mkubwa wao, Mama Leonia, akausugua kidoleni. "Shefu, ile uliyomwaga ndiyo tuliyokuwa tunaitaka." Kumbe merkiri inashika kwenye lile tope laini. Nikamjibu nilikuwa napima tu kama anaijua kazi yake.

Tukarudia, miezi kadhaa. Mahali pawili: juu, kusikofika mchimbaji, na kwenye jiwe lako la kuokotea, pale kijito cha machimbo kinapoingia mtoni. Kombe wa kimo kimoja, matope ya juu juu, kijiko cha plastiki. Kwenye jiwe lako nilipapasa kwa nyayo kama ulivyonifundisha, maji kifuani, nikakusikia kabisa: "Wewe unatafuta kombe ao unacheza ngoma?"

Majibu yamefika. Kombe wa juu hawana neno. Wa jiwe lako, Yaya, wamejaa merkiri, na matope yao vilevile. Wewe ni malaria iliyokuchukua, hilo tunalijua sote. Lakini Mama Leonia alisema wazi: mwenye mimba asiwaguse, inaingia kwa mutoto.

Na Faida, binti yako, iko na mimba ya miezi sita. Anaokota palepale, anakula, anauza.

Nilimpelekea karatasi ya majibu. Alikuwa anamenya muhogo na wenzake, hakuinua kichwa. "Mjomba, si wewe uliyesema uliendesha pikipiki juu ya mgongo wa kiboko?" Kweli, nilisema. "Mama alikula kombe wa pale toka utoto. Leo nimwache mama, nikufuate wewe?" Wanawake wakacheka. Nami nikacheka nao, ndivyo nilivyo, nikawasha pikipiki. Karatasi haina kosa, Yaya. Kosa ni mdomo ulioibeba.

Lakini mimi si mutu wa kushindwa na mutoto niliyembeba mgongoni. Kesho narudi. Nitakaa chini mbele yake, nitaanza na kitu kinachoniaibisha, aone uso wangu ninapokisema. Akishaamini hicho, ataamini na merkiri. Kisha nitampakia nyuma, polepole kwenye mashimo, nimpeleke kwa kombe wa juu, nimshike mkono ndani ya maji mpaka nyayo zake zizoee mahali papya. Hilo nakuahidi, na safari hii sitanii. Mjukuu wako atazaliwa mzima, na jina lako tutampa.

Pumzika, Yaya. Udongo wa Wamaza ukulalie mwepesi.

Kile kitu cha kumwambia Faida, acha nikiseme kwako kwanza. Bahati sina. Hakuna kidole kilichonyooka. Wale watu walifika wakimuulizia Mariamu, yule mama anayejua kombe wote wa mto huu, na wewe tulikuwa tumekuzika wiki iliyotangulia. Nikawaambia mimi ndiye niliyekufundisha.