Mawe ya Farumi ndani ya Gari la Ebrahim

Kilindoni, Mafia
9 Agosti 2003

Kwa dada yangu mpenzi Mwanaharusi,

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, pamoja na mama mkwe wako, ambaye tumefurahi mno kusikia kwamba tangu atolewe mtoto wa jicho anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Chiku hajambo na anakusalimu sana, mihogo imekubali, na kusi limevuma mpaka limeng'oa bati la jikoni. Baba naye ni mzima: anakula, anasali, anagomba. Habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu, na nakuomba barua hii uisome peke yako kwanza.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu iko dukani kwa Ebrahim, na ukipiga chafya pale, watu wa kijiji cha Kanga kule mbali wanakuombea rehema. Tena Ebrahim mwenyewe yumo katika habari hizi.

Unalikumbuka lile gari-nyumba nililokuandikia. Tangu bahari yetu ifanywe hifadhi, wageni wanaokuja kutazama papa potwe wameongezeka, na Ebrahim, ambaye duka aliloachiwa na wazee wake halimtoshi, akanunua huko Dar es Salaam gari la Wazungu waliochoka na safari. Nyuma lina kitanda, jiko, mahali pa kuoshea vyombo na tangi la maji. Lilishushwa hapa kwa tishari, na mji mzima ukaenda kuchungulia kitanda. Dereva akachaguliwa baba. Ebrahim alisema mtu aliyekuwa nahodha, kisha akaendesha lori la nazi miaka yote ile bila kuua hata kuku, ndiye atakayemwachia wageni wake.

Ungemwona, dada! Kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa upande, honi anaipiga hata pasipo mtu. Tangu jahazi lake lioze, watu walikuwa wameanza kumwita Mzee Mfaume. Gari lilipokuja wakarudi kumwita Nahodha, na mgongo wake ukanyooka.

Basi masika yalipokwisha, gari likaanza kwenda mrama. Ukilinyoosha linahamia kulia, ukilirudisha linapitiliza kushoto, yaani unapigana nalo njia nzima kama mtu anayemrudisha mlevi kwao. Watu wa njia ya Kanga wakisikia honi waliacha barabara na kuingia mihogoni. Maneno yakaanza, kwamba Nahodha amezeeka, mikono inatetemeka. Nilimkamata mmoja kijiweni akimwigiza baba anavyozungusha usukani, na kama si watu kutuamua, leo ningekuandikia kutoka kituo cha polisi.

Ebrahim akaniita dukani, akanifungia mlango wa ofisi. Alizungumza kwa adabu, siwezi kumsingizia. Alisema amemjua baba tangu utotoni na anamheshimu kama mzazi, lakini mkwewe, yaani mama wa mkewe Banu, anakuja kwa likizo pamoja na wajukuu, na watoto wamekwisha kuahidiwa kulala ndani ya gari ufukweni Kanga. Alisema ubaya uko kwenye gari au uko kwa mzee, na mimi ndiye fundi na ndiye mwana, kwa hiyo nimwambie upi. Alisema afadhali aambiwe na mimi kuliko kuambiwa na ajali.

Nilitoka pale nikachukua funguo. Nikaliendesha gari mwenyewe mpaka njia ya Baleni, na halikufika mbali likaanza kuniyumbia mikononi. Dada, nilitamani kupiga vigelegele! Sijapata kufurahi hivyo kwa ubovu wa gari la mtu. Nikamwambia Chiku kwamba baba hana kosa, na kwamba ugonjwa wowote wa gari, Sudi ataukamata tu. Chiku akasema inshallah, kwa ile sauti yake.

Unajua ninavyojisifu, sina haja ya kujificha kwako. Hapa kisiwani hakuna gari lililowahi kunishinda. Nikapima upepo wa matairi, nikasawazisha. Nikapandisha mbele kwa jeki, nikatikisa magurudumu, nikakuta tairodi, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu, zimelegea kama meno ya bibi. Nikaagiza mpya, nikafunga. Nikakaza boksi ya usukani, nikaangalia springi na bushi zake zote. Mashine ya kunyooshea magurudumu hatuna, kwa hiyo nikatumia mshipi wa kuvulia: unaukaza kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, kila upande, unatazama la mbele limekaaje. Nilinyoosha mpaka mshipi ukagusa sawasawa. Nikaingia barabarani nikipiga mluzi. Gari likayumba vilevile.

Baba alikuwa amekaa ukutani akinitazama nikirudi. Akaniuliza kama mtoto amemaliza kucheza. Unajua hajapata kuniita fundi hata siku moja, tangu nilipokataa kumfuata baharini nikafuata grisi. Mimi kwake ni "wewe mtoto", na ndevu zangu hizi. Nilikasirika nikaenda kulala bila kula.

Kilichonifumbua macho ni utani wa watu wa Baleni. Walinicheka kwamba gari letu jioni linaangua nazi kwa taa, kwa maana mwanga wake haupigi barabarani, unapiga makutini juu. Nikacheka nao, kisha kicheko kikanikauka. Taa zikitazama juu, basi pua ya gari imeinuka. Na pua ikiinuka, nyuma kuna mzigo.

Nikafungua kule nyuma kabisa, chini ya kitanda, mahali ambapo mimi fundi sikuwahi kupafungua kwa kuwa niliona ni pa mashuka. Nikakuta magunia ya mchanga, na chini ya magunia mawe. Mawe meusi ya duara, dada, ambayo kisiwani kwetu hayapo. Unayajua. Ndiyo yale ya farumi, uzito wa kukalisha jahazi la baba likiwa tupu, yaliyokuwa ukutani kwetu, tukiyakalia kusugua miguu. Nilikuwa nimeona hayapo, nikadhani Chiku ameyafanya mafiga.

Nilimwita baba, na hakukana. Alisema gari lilikuwa linapiga pua kila shimo, na chombo kinachopiga pua dawa yake ni kukikalisha kwa tezi, yaani nyuma, ili omo ya mbele iinuke. Amefanya hivyo maisha yake yote na hakuna bahari iliyomla. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikamweleza kwamba chomboni usukani uko tezi, ukiongeza uzito nyuma unauzamisha na unashika maji. Gari linaongozwa na magurudumu ya mbele. Ukilipakia nyuma, ni sawa na kuung'oa usukani majini, ukabaki unazungusha hewa. Nahodha hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Alipiga paji la uso, akacheka na yeye, tukayashusha mawe pamoja tukitaniana, tukayarudisha pale ukutani kwetu, na kwa muda nilimpenda kupita kiasi.

Gari likanyooka kama uzi. Sikumwambia mtu. Nilitaka baba aliendeshe mwenyewe kwanza mpaka Baleni, kisha tukirudi alipitishe taratibu mbele ya duka la Ebrahim, mji mzima uone.

Tukatoka asubuhi, yeye kwenye usukani, mimi kando. Alishika kwa vidole viwili kama zamani. Na kwa kuwa gari lilikuwa linamtii, akaongeza mwendo. Tulipokaribia nyumba za kwanza za Baleni nikamwona Bimkubwa, yule mjane mwenye mashamba karibu na msikiti, ameanika makopa yake ya muhogo pembeni mwa barabara na ameinama kuyageuza. Unajua pale watu wanavyoanika. Honi baba hakupiga. Nikangoja apinde. Hakupinda. Gari lilikwenda moja kwa moja, halikupepesuka hata kidogo, linamfuata yule mama kama limeagizwa. Nilipiga ukelele. Baba akaniuliza kuna nini. Dada, aliniuliza kuna nini, na Bimkubwa yupo mbele yetu na kanga yake nyekundu!

Nikaurukia usukani nikauvuta. Gari likapinda palepale, tairi likapita juu ya makopa, na tukasimama mihogoni. Nina hakika kwamba kwa usukani ule wa juzi lisingepinda kwa wakati. Bimkubwa alitutukana matusi yote ayajuayo, na kila tusi nililisikia kama dua, kwa kuwa maiti hatukani. Baba aliniuliza pole pole kama tulichokosakosa kukigonga ni mbuzi.

Nilishuka nikamwomba Bimkubwa radhi, kisha nikarudi nikamgeuza baba uso juani. Mboni zake zina weupe, kama maji ya mchele. Tunaishi nyumba moja na sikuwa nimeziona. Nikakumbuka kwamba siku hizi hafungui msahafu, anasema kilicho kifuani kina baraka zaidi. Chiku baadaye aliniambia ameona anavyoingiza kidole kikombeni kupima chai, akaogopa kusema.

Nilimpigia baba kelele. Mungu anisamehe, nilimpigia kelele kama mtu wa barabarani. Nilimuuliza kama angengoja mpaka aue. Alivua kofia akawa anaufuta usukani nayo. Kisha akaniambia ukweli wote. Gari halikuwa linapiga pua kwa ubovu. Lilikuwa linaingia kila shimo kwa sababu yeye mashimo hayaoni, ndipo akafikiri akiinua omo yatampitia chini. Gari lilipoanza kuyumba, akaona ni neema, maana watu wote walimkimbia na kumwachia njia. Akaniomba niyarudishe mawe. Alisema gari likiwa bovu watu watalisema gari, likiwa zima watamsema Mfaume.

Basi mimi nimelitengeneza gari, na kwa kulitengeneza nikamvua baba nguo. Nililia, sioni haya kukuambia.

Nikamtajia hospitali ya macho huko ng'ambo. Akawaka. Alisema hatashikwa mkono bandarini, mbele ya watu aliowavusha yeye, akaongozwa kama mbuzi wa kafara. Na mimi ndiye niliyemnyang'anya usukani, kwangu hatasikia neno lolote.

Sasa nakuungamia nililolifanya, na wewe peke yako ndiye niliyekuambia. Alfajiri iliyofuata niliyarudisha mawe garini, yote, pamoja na magunia. Kisha nikaenda kwa Ebrahim na funguo mkononi. Bimkubwa alikuwa amekwisha kutangaza kwamba lile gari lenye wazimu limekula makopa yake, hivyo hakushangaa. Nikamwambia limenishinda. Nikamwambia asithubutu kumpakia mtoto hata mmoja, si kwa baba, si kwa dereva mwingine. Alinitazama sana. Akasema alidhani mimi ni fundi. Akalifungia gari ghalani, wageni wake watalala nyumbani, na ameagiza fundi kutoka Dar, ambaye atakuja na tishari lijalo.

Huyo fundi atafungua nyuma. Atayakuta mawe, na atauliza ni mpumbavu gani wa fundi aliyebadilisha tairodi bila kutazama mzigo. Kilindoni nzima itanicheka mpaka nizeeke, na magari mengine yatapita mlangoni kwangu bila kusimama. Sawa, na wacheke. Lakini fundi akishalinyoosha, Ebrahim atampelekea baba funguo siku hiyohiyo kwa furaha, na baba atazipokea. Ikifika hapo nitalazimika kumwambia Ebrahim ukweli mbele ya baba.

Kwa hiyo nakuomba, dada, mwite baba aje huko kwenu kabla tishari halijafika. Usitaje macho kabisa. Mwanao anakaribia kuhitimu msahafu: mwite babu yake aje amsikilize, kusikiliza bado anaweza. Akija, mkalishe karibu na mama mkwe wako, na mama atunge uzi kwenye sindano mbele yake, asiseme kitu. Baba ataona hata kama haoni. Mengine nakuachia wewe, siku zote umemweza kuliko mimi.

Shemeji mpe salamu zangu, na watoto wote. Chiku anasema makopa uliyoagiza yapo, tena haya hayakukanyagwa.

Baba naye anakusalimu. Jana nilikuwa kijiweni, wakinicheka kwamba limenishinda gari la kulalia. Alikuja akipapasa ukuta, akasimama katikati yao. Hakuna aliyemwambia nilichofanya kule kwenye gari, lakini asubuhi alikuwa amekwenda pale ukutani kwetu kutafuta jiwe la kukalia, mkono wake ukakuta patupu. Aliwaambia wote waliokuwa wakicheka kwamba Kilindoni ina fundi mmoja tu. Kisha akaniambia twende nyumbani, na njia nzima alinishika mkono.

Ni mimi mdogo wako,
Sudi Mfaume