Poudre yenye Ilikataa Kuanguka

Mama Ngoie,

Ulikufwa siku ya posho, jumamosi asubui. Moyo ilisimama. Tukakuzika kesho yake. Sikukuandikiaka hata barua moja wakati ulikuwa mu nyumba, juu ulikuwa mu nyumba. Sasa naandika. Kuko habari, tena ni muzuri.

Mutoto wetu amepita. Jana Ngoie alifanya défense yake ku université, alitetea kazi yake mbele ya baprof, na amepita. Hiyo njo kintu ya kwanza. Sasa ngoja nikuelezee namna nilikaribia kuiharibisha.

Unakumbuka ile kopo ya poudre, unga mweupe ya kupakaa batoto? Ulinunua we mwenyewe, ukaificha mu valise chini ya bikwembe, bitenge yako ya kuvaa, ukasema: "Siku Ngoie atamaliza, mi njo nitamumwangia ku kichwa namna banafanyiaka benye bamepita, nipike bigelegele mpaka baprof bazibe masikio." Kisha ukakufwa. Nilipoiona ile kopo nilijua: sasa iko kazi yangu.

Lakini tulipokuzika, mutoto alitaka kuacha masomo. Miezi mbili hakufungua kitabu. Nikamuambia: "Unielezee mi. Kama mi nasikia, baprof nao batasikia." Njo kila magaribi, pembeni ya mbabula, jiko yako ya makaa, tunangoja makala ishike moto, yeye anaelezea masomo yake ya nyota. Asema galaxie, kundi kubwa ya nyota, iko sawa muji, nyota njo bantu. Inje ya ule muji, pande zote, kuko gaz mingi, hatuionake na macho. Ile gaz ikianguka mu muji, nyota mupya inazaliwa. Ikikosa kuanguka, muji inabakia na bazee tu, bekundu bekundu, kisha kimya. Mi nikauliza: "Mbona haianguke yote mara moja, ikwishe?" Asema: "Papa, iko moto. Wakati ingali moto inabakia juu. Inaangukaka kama imepola."

Nikacheka peke yangu. Hiyo ni maneno yako! Ile mara ku kazi nilifungua four, tanuru ya matofali, mbele ya wakati, matofali yote ikapasuka, chef ananitukana, we ukafika na chakula unacheka: "Papa Ngoie, haraka yako! Acha ipole kwanza." We njo ulikuwa prof.

Sasa jana. Nikavaa koti ya ndoa yetu. Haifungike tena, tumbo inakataa. Nikakaa mbele mu salle, ile chumba kubwa, kopo mu mufuko. Ngoie akasema muzuri, français inatoka kama mayi ya muto. Kisha prof moja munene, wa miwani, akamuuliza kintu. Sikusikia, ilikuwa français ya bakubwa. Ngoie akanyamaza. Akaangalia chini. Mi nikawaza: amenyamaza, basi amemaliza. Nikakimbia mbele, nikamumwangia kopo yote ku kichwa, nikapika bigelegele. Mi, mwanaume. Sauti ilitoka sawa mbuzi.

Mukubwa wa jury ya baprof akasema: "Papa, bado!"

Bantu bakacheka mpaka kulia. Mi joto ilinipanda mpaka ku masikio. Nikawaza: nimefungua four tena. Miaka yote ya masomo, na mi nimeipasua.

Kumbe ule prof alikuwa anauliza swali yangu ile ile ya ku mbabula: mbona gaz haianguke yote mara moja? Ngoie ameniambia nyuma: alipoisikia alikuona we pale pembeni ya moto. Lakini saa ile, mweupe kichwa na mabega, akafuta macho, akaangalia juu. Jua ilikuwa inaingia ku dirisha, poudre ingali inatembea mu hewa. Akasema: "Jibu njo hii. Poudre yenye iko ku kichwa yangu, imekwisha kuanguka. Yenye iko kule juu, pumuzi na joto ya bantu benye banacheka inaipandisha, inazunguka. Salle ikipola, itashuka kidogo kidogo." Akaongeza kintu yenye hakuniambiaka ku nyumba: nyota kubwa ikikufwa inapasuka, inasukuma gaz mbali, na kila kintu ilipikaka mu tumbo yake inatoka. Chuma. Shaba. Ingine inapotea. Ingine inapola, inarudia, inaingia mu nyota mupya. Hata shaba yetu ya Katanga, asema, ilipitaka mule.

Ule prof akavua miwani, akaipanguza. Ilijaa poudre. Akasema: "Inatosha, mademoiselle."

Hapo sasa bamama benye bako nyuma bakapika bigelegele ya kweli. Nikakutafuta na macho. Ni ujinga, najua.

Bon. Mbabula yako ingali inatumika. Kuku yako ya kilema ingali inaingia mu nyumba, nimechoka kuifukuza. Ngoie anataka kuendelea na masomo. Nimesema ndiyo, we ungesema ndiyo. Dada zako banaulizaka bikwembe yako. Nilibakatalia, sikuweza kugusa ile valise. Sasa nimepola kidogo. Nitabagawia mi mwenyewe, nakuapia, na ile ya maua ya manjano itabakia ya Ngoie.

Ulale muzuri, bibi yangu. Poudre ingali ku koti, siipanguze. Ku kazi banangoja kufungua four. Nitaweka mukono ku ukuta kwanza. Kama iko moto, nitakaa chini ningoje.

Kesho narudia ku kazi.

Papa Ngoie