Saruji Juu ya Udongo

Ibra

Mjukuu wangu Samira,

Waalaykum salaam. Sote wazima, ila goti langu na ami yako Nasoro, hao wawili wamenishinda.

Unaniuliza kwa nini mafundi wa Uingereza wanabandua saruji kwenye nyumba ya kale ya mbao unayoichunguza masomoni, na kurudisha udongo na chokaa. Unasema wamerukwa na akili. Subhanallah! Umevuka bahari kwenda kuuliza habari za nyumba ya boriti, fito na udongo? Bibi yako kazaliwa ndani yake, Unguja!

Nilipokuwa msichana niliona haya wenzangu wa skuli kuiona nyumba yetu. Nikamlilia baba mpaka akaipiga lipu ya saruji, nikaringa. Masika mawili tu yakapita. Siku moja nikashika nguzo ya mlangoni, kidole kikazama kama kwenye muhogo uliochemka. Udongo hunywa maji kisha huyatoa. Saruji iliyafungia ndani mpaka mti ukaoza. Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, waite wenzako waje waione."

Sasa ami yako kaleta saruji aipige nyumba ya udongo ya babu yako, eti wageni wasimcheke. Nimesema mpaka sauti imenikauka. Mimi mzee, sijui kitu; wewe umesoma Ulaya, atakusikia. Shangazi yako ataipiga picha barua hii akutumie. Ukiisoma tu, mpigie. Mifuko yake ya saruji nimeikalia, na hapa juu yake ndipo ninapokuandikia, na goti linauma.

Bibi yako